Maisha ya mwisho wa gari

Saa kumi na robo alfajiri jogoo wa jirani yangu bado hajawika, lakini taa ya kibaraza chake imeshawaka. Jirani yangu anauza samaki. Anatakiwa awe Feri kabla mnada haujachangamka, na kutoka kwetu Chanika, upande wa Zingiziwa, hadi soko la Magogoni ni bodaboda moja na magari mawili. Namsikia akiburuta ndoo zake kwenye sakafu, namsikia akimwambia binti yake mkubwa afunge mlango kwa ndani na asisahau kumwamsha mdogo wake, kisha mwanga wa simu yake unapita kwenye dirisha langu kuelekea njiani. Mimi nina dakika 20 zaidi za kulala. Mtaani kwetu dakika 20 ni mali.

Nimeishi hapa tangu 2015. Unashika Barabara ya Nyerere, unaupita uwanja wa ndege, unapita Banana, Ukonga, Mombasa, Gongo la Mboto, unapanda vilima vya Pugu, unashuka upande wa pili, na bado hujafika. Makondakta wanatuita watu wa mwisho wa gari. Wafanyakazi wenzangu wa mjini wakiniuliza nakaa wapi, nikiwatajia, wanauliza kama huwa nalala nyumbani au njiani. Wanauliza kwa upendo, na mimi huwa sina muda wa kujibu kwa kirefu kwa sababu nawahi gari. Leo nimeupata huo muda.

Mwaka 2011 tulikuwa wapangaji Buguruni, chumba na sebule, watu wanne. Kodi tulilipa ya miezi sita kwa mkupuo. Kila miezi sita ikikaribia kwisha nyumba nzima ilikuwa inaongea kwa sauti ya chini. Umeme ulikuwa wa kuchangia. Aliyekuwa na friji alisemwa, aliyepiga pasi alisemwa, na siku mtoto wangu wa kwanza alipougua tukalala taa ikiwaka usiku kucha, asubuhi nilikuta kikao uani kinanisubiri. Mume wangu ni dereva wa lori. Ni yeye aliyeleta habari kwamba kuna dereva mwenzake amenunua kiwanja Chanika na bado vipo. Fungu langu la kikoba lilikuwa linakaribia kutoka. Jumapili iliyofuata tukaenda.

Tulikuta shamba la mikorosho. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kizaramo, mtu mpole, aliyelirithi kwa baba yake na sasa analikata vipande kadiri shida za familia zinavyokuja. Kiwanja hakikupimwa kwa futi wala mita, kilipimwa kwa hatua. Dalali alitembea 20 upande mmoja na 20 upande wa pili, akakata kijiti cha mkorosho kila kona akakichomeka. Shilingi 1,800,000 kwa awamu mbili. Hati ya mauziano iliandikwa kwa mkono kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili wa upande wetu na wawili wa upande wa mzee, muhuri ukagongwa, tukapeana mikono.

Nilimuuliza dalali swali moja tu siku ile: njia iko wapi? Akanyoosha mkono akauzungusha pande zote nne. "Mama, njia si hii yote? Mtapita popote." Na kweli tulipita popote. Chini ya mikorosho kulikuwa kweupe, unaweza kuendesha gari kutoka mti huu hadi ule. Jibu lile lilinitosha. Nimelikumbuka mara nyingi baadaye.

Sikuwa peke yangu. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Milioni moja ya nyongeza kwa miaka kumi haikuingia Kariakoo wala Upanga. Ilikwenda Mbagala na Chamazi, Kivule na Majohe, Goba, Bunju, Kigamboni, Chanika, na ilipofika kwenye mpaka wa mkoa haikusimama. Mkoa wa Pwani katika kipindi hichohicho ulitoka takriban watu milioni 1.1 ukavuka milioni 2, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo unaiona kwa macho ukitembea Kibaha, Mkuranga au Kisarawe: ni mji wetu huuhuu unaotafuta ardhi ya bei ya mtu wa kawaida.

Serikali imewahi kujaribu kuuwahi mji. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachora barabara kwanza ndipo watu wakajenga. Wazee wanaokumbuka Sinza ya siku zile wanaieleza kama tunavyoielezea Chanika, pori na giza, na leo mtu wa Sinza anajihesabu wa katikati ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mradi wa viwanja 20,000, na mojawapo ya maeneo yake ni Buyuni, jirani zetu kabisa. Nikitaka kuona kitu tulichokosa huwa naenda Buyuni. Kule mitaa imenyooka. Unasimama mwanzo wa njia unaona mwisho wake. Lakini viwanja vile vilikuwa vya mtu mwenye fedha mkononi na kazi inayoeleweka, na wengi waliovichukua walikaa miaka mingi bila kujenga, nyasi zikamea mpaka kifuani. Sisi tuliokuwa tunahitaji kuhama kesho tukaenda kwa mzee wa mikorosho. Zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi kwenye makazi ambayo hayakupangwa, na karibu kila mmoja wao ana mzee wake wa mikorosho.

Tulijenga miaka minne. Kila mwenye kujenga kwa kudunduliza anajua mpangilio wake: mwaka wa kwanza msingi, kisha kimya. Mwaka wa pili kuta hadi kwenye lenta, kisha kimya kirefu, na hapo ndipo nyumba inapoitwa pagale. Tofali za inchi sita tulifyatulia palepale, saruji mfuko kwa mfuko, na kila mfuko nilikuwa naujua umetokana na nini. Mifuko mitano ilikuwa ya posho ya semina. Mitatu ilikuwa ya kitenge nilichoamua kutokinunua sikukuu ile. Mvua za masika zilitukuta hatujapaua, na nikifika Jumapili nakuta maji yamesimama sebuleni kama bwawa na vyura wameshahamia kabla yetu. Fundi wetu, kijana wa Kimakonde mwenye mkono wa dhahabu, alikuwa ananituliza: "Dada, ukuta ukinyeshewa ndio unakomaa."

Tulihamia bila dari, bila plasta, bila umeme. Vyumba viwili vilikuwa na milango, vingine vilikuwa na pazia. Madirisha mawili tuliyaziba kwa tofali zilizopangwa kavu, bila udongo, ili siku fedha ya grili ikipatikana tuzitoe. Usiku wa kwanza sikulala. Haikuwa hofu. Nilikuwa nasikiliza: hapakuwa na redio ya mpangaji wa chumba cha pili, hapakuwa na mtu anayegonga choo, na mwanangu mdogo alipolia saa tisa usiku alilia mpaka akamaliza haja yake na hakuna aliyegonga ukuta. Asubuhi nikatoka nje na kikombe cha chai nikakaa juu ya rundo la mchanga. Upepo wa kutoka upande wa msitu wa Kazimzumbwi ni mwepesi alfajiri, una harufu ya majani mabichi. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Ningeulizwa wakati ule kama nimepata nafuu, ningesema nimepata yote.

Hesabu ya pili ilikuja taratibu.

Ilianza na maji. Kisima cha karibu kilikuwa cha chumvi, sabuni haitoi povu na chai ina ladha ya dawa. Maji ya kunywa tuliyanunua kwa dumu, yakiletwa na vijana wa mkokoteni, shilingi 300 siku za mvua na 500 kiangazi kikikaza. Nilipokuwa Buguruni sikujua kwa mwezi natumia maji kiasi gani. Chanika naweza kukuambia mpaka kikombe. Mradi wa maji wa Kisarawe ulipozinduliwa 2020 na maji ya Ruvu yakaanza kufika pande za Pugu na Gongo la Mboto, watu wa kwetu walienda kuyaangalia kama wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Wengi wetu tumeshanunua simtanki na tunategemea boza, na boza nalo halifiki kwa kila mtu, jambo nitakalolirudia hapa chini kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Umeme ulitukuta baadaye. Waliowahi kuunganishiwa kwa 27,000 walisherehekea, na mwanzoni mwa 2022 gharama ya mijini ilipopanda hadi 320,960 nikaona majirani wakirudi kwenye sola na taa za kuchaji. Chanika kwenye karatasi ni mjini. Tangu 2021, halmashauri ya Ilala ilipopandishwa hadhi, sisi ni wakazi wa Jiji la Dar es Salaam kabisa, pamoja na mihogo yetu na mbuzi wetu, na tunalipa kama watu wa jiji.

Halafu kuna gari. Hili silielezi kwa haraka.

Ukitaka kukaa kwenye kiti jioni kutoka mjini kurudi Chanika, unageuza. Maana yake unalidaka gari likiwa bado linakuja kushusha, vituo viwili au vitatu kabla ya mwisho, unalipa nauli ya kwenda ambako huendi, unazunguka nalo mpaka linaposhusha wote na kupakia upya, wewe umeshakaa. Unalipa mara mbili ili magoti yapumzike. Mjamzito anageuza, mwenye mtoto anageuza, na mtu wa miaka 50 aliyesimama dukani Kariakoo tangu saa moja asubuhi anageuza hata kama nauli ya pili ilikuwa ya mboga. Wasiokuwa nayo wanapanda kwa dirishani au wanasimama. Mwili unajifunza kulala ukiwa wima, mkono ukiwa umeshika bomba. Nimemwona mwanafunzi wa sekondari akilala hivyo kutoka Tazara hadi Pugu, daftari liko kifuani, na watu wazima watatu wamemzunguka makusudi ili gari likifunga breki asianguke.

Kwenda saa mbili, kurudi saa mbili, siku zikiwa njema. Siku sita za wiki, hiyo ni saa 24. Kila wiki naitoa siku moja nzima, mchana wake na usiku wake, naikabidhi barabarani. Mume wangu akiwa hana safari ya mkoani anaondoka watoto wamelala na anarudi wamelala. Mtoto wetu wa tatu alipokuwa na miaka mitatu alimzoea baba yake kama mgeni wa Jumapili, anamwamkia vizuri, anampelekea maji, kisha anarudi kwangu kuuliza ataondoka lini. Ile hatujaisahau.

Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na alipoacha kazi 1955 kwa ajili ya TANU, kwenda mjini kutoka pale ilikuwa safari ya kujipanga. Leo Pugu kwetu sisi ni nusu ya njia tu. Treni ya abiria ya hapa mjini, maarufu kama treni ya Mwakyembe, ilipoanza Oktoba 2012 ilitupa matumaini makubwa watu wa huku, na ile ya upande wa Pugu ilipofuata baadaye, waliokaa karibu na reli walipata pumzi. Treni ya mwendokasi ya kwenda Morogoro na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024, ina stesheni Pugu, ila hiyo ni ya wasafiri. Mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Nyerere yamepangwa kuishia Gongo la Mboto. Naifurahia ile njia, nasema kweli, kwa sababu itakata sehemu mbaya kabisa ya safari. Lakini Gongo la Mboto ndipo mji ulipokuwa unaishia wakati mradi unachorwa. Mji wenyewe umeshasonga mbele, umelala huku kwetu, na kila barabara kubwa inapokamilika inakuta watu wake wameshapita.

Pamoja na hayo yote, ukiniambia leo nirudi kwenye chumba na sebule, nitakataa kabla hujamaliza sentensi.

Watoto wangu wanajua kupanda mti. Nina matuta manne ya mchicha na moja la bamia nyuma ya jiko, nina kuku 11, nina mwembe nilioupanda mwenyewe ambao mwaka juzi ulitupa embe za kwanza, tisa, tukazigawa na majirani nusu nusu. Nimeuona mtaa ukizaliwa na najua ulivyokuja: kwanza duka la vifaa vya ujenzi, saruji na misumari, maana wote tulikuwa tunajenga. Kisha mama wa chapati na maharage aliyefuata mafundi. Kisha genge la nyanya, kisha kinyozi mwenye sola, kisha msikiti wa mabati na kanisa la turubai, wiki chache tu kati yao. Duka la dawa lilichelewa. Ukichukua mtu aliyehamia mtaa uliokamilika, hawezi kukueleza nani alichimba shimo la kwanza. Mimi naweza.

Msiba ndio unaokuonyesha. Mwaka wetu wa pili hapa alifariki mpangaji wa nyumba ya mkabala, kijana kutoka Kigoma, hakuwa na ndugu mjini. Hakuna aliyemjua zaidi ya mwaka. Jioni ile daftari la rambirambi lilizunguka pagale kwa pagale, watu wanatoa elfu mbili, elfu tano, mwingine nusu mfuko wa saruji kwa sababu ndicho alichokuwa nacho na duka likaubadili kwa fedha. Mwili ulisafirishwa hadi kwao. Buguruni tungechanga pia, lakini pale kulikuwa na mjumbe wa siku nyingi na utaratibu wa siku nyingi. Huku tuliubuni usiku uleule, tukiwa tumekaa juu ya tofali.

Sasa niirudie njia.

Kadiri mzee alivyoendelea kuuza, kule "kupita popote" kulipungua. Kila mnunuzi alipimiwa hatua zake 20 kuanzia pale mwenzake alipoishia, bila nafasi katikati, na kila mmoja alipopata fedha alizungusha ukuta au michongoma. Kufikia 2017, nyumba 12 za upande wetu zilikuwa zimebakiwa na kichochoro cha upana wa mkokoteni, chenye kona mbili, na katikati yake mkondo wa maji ya mvua. Boza halikuingia. Gari la kuvuta chooni halikuingia. Tofali tulishushiwa barabarani na kuzibeba kichwani, na kila tofali likapanda bei kwa sababu ya yule aliyelibeba. Ile bei rahisi ya 2011 ilikuwa inadaiwa polepole.

Aprili 2018, masika ikiwa imekolea, binti mmoja wa nyumba ya saba kwenye kichochoro alishikwa na uchungu saa nane usiku. Bajaji ilisimama mbali, zaidi ya mita 500, dereva akamulika taa akaona maji yanakatiza akasema hawezi. Tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne kwenye miguu ya kiti na mimi na mama yake pembeni tumeshika mwavuli usiosaidia kitu. Kwenye mkondo maji yalifika magotini. Mwanaume mmoja aliteleza, kiti kikainama, binti akanishika kwenye mkono wa juu kwa nguvu ambazo alama zake nilikaa nazo wiki nzima. Hakulia. Alikuwa anasema neno moja tu kwa sauti ndogo, "taratibu, taratibu," kana kwamba anatuonea huruma sisi. Alijifungua salama kituo cha afya kabla ya alfajiri, mtoto wa kiume.

Jumapili ile tulikutana chini ya mkorosho wa mwisho uliobaki. Mwenyekiti wa mtaa alikuja. Hesabu ilikuwa nyepesi kuisema: mita nne za upana, kila mwenye kiwanja atoe mita mbili upande wake. Tisa walikubali siku ileile, na miongoni mwao wawili ilibidi wavunje ukuta. Sisi tulipoteza michongoma na banda la kuku. Wengine wawili waliomba muda wakakubali baadaye. Aliyekataa alikuwa mmoja, mzee mstaafu, ambaye choo chake cha shimo kilisimama katikati kabisa ya pale njia inapotakiwa kupita. Alisimama akaongea kwa adabu. Alisema pensheni yake yote imo ndani ya kiwanja kile. Alisema alinunua hatua 20, amezilipia zote, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyenunua hatua zake yeye. Tukakaa kimya, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Hakuwa mbishi. Sote tulikuwa tumeuziwa ardhi ambayo ndani yake hakuna njia, na sasa tulikuwa tunamwomba yeye aigharimie.

Ilichukua wiki tano. Mke wa mzee ndiye aliyetuonyesha mlango: alisema kwa wanawake wenzake kisimani kwamba mume wake haogopi kupoteza ardhi, anaogopa kuchimba choo kipya katika umri ule. Basi tukachimba sisi. Vijana wa mtaa walishusha shimo futi 15 nyuma ya nyumba yake, kikoba chetu kikanunua saruji, muuza samaki akatoa bati mbili alizokuwa amezihifadhia banda lake, na fundi yule wa Kimakonde akajenga bila kudai ujira, akala tu ugali na samaki siku nne mfululizo. Choo cha zamani kikafukiwa. Siku greda la kukodi lilipopita, mzee alilitangulia kwa miguu, akilionyesha mkono.

Mwaka uliofuata wakaja wapima wa urasimishaji. Nilijifunza hapo jambo ambalo nalisema sasa kwa kila anayenisikiliza: upimaji wa namna hii unachora unachokikuta. Sisi walitukuta na njia, wakaweka bikoni pembeni mwa njia, na ramani yetu ina barabara. Mtaa wa nyuma yetu walikuwa bado wanagombana. Wamebaki na kichochoro kwenye ramani kama kilivyokuwa ardhini, na waliozungukwa pande zote walitakiwa kwanza wapatane na majirani ndipo wazungumzie hati.

Kila kiwanja kinachouzwa huku kinapita mezani kwa serikali ya mtaa kupata muhuri. Meza hiyo ingeweza kuuliza swali moja kabla ya kugonga: njia iko wapi, nionyesheni mlipoiacha. Halihitaji mkopo wa nchi yoyote. Linahitaji kamba, vigingi, na agizo kutoka juu kwamba mauziano yasiyoonyesha njia yasigongwe muhuri, ili mzigo wa kukataa usimwangukie mwenyekiti peke yake anayeishi na hao hao wauzaji. Hatua nne zikiachwa siku ya kununua hazimuumi mtu. Zikidaiwa baada ya miaka saba, zinabomoa choo cha mzee.

Jumapili iliyopita kipande cha mwisho cha lile shamba kilikuwa kinauzwa, mkabala na kwa yule mzee mstaafu. Kijana na mkewe, mtoto mgongoni, na dalali. Kijana alikuwa anahesabu hatua kwa sauti, kwa furaha ambayo niliitambua. "Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini." Akapiga kigingi chake katikati ya barabara yetu.

Nikatoka. "Shikamoo, mama," wakaniamkia wote watatu. "Marahaba, karibuni ujirani. Njia mmeiacha wapi?"

Dalali akacheka kidogo, akanyoosha mkono akauzungusha. "Njia ipo, mama. Watapita popote."

Nilikuwa natafuta maneno wakati mzee alipotoka kwake na fimbo yake. Alitembea polepole hadi pale kwenye kigingi, akasimama karibu na kijana, akaangalia chini.

"Mwanangu," akasema, "hapo uliposimama palikuwa choo changu."

Kijana alimtazama mzee, akaitazama barabara hadi kwenye ule mkondo wa maji, akanitazama mimi. Kisha akainama akang'oa kigingi, akarudi hadi kwenye mkorosho alikoanzia, akamgeukia mkewe akamwambia asogee pembeni kidogo, na akaanza upya. Moja. Mbili. Tatu.